Tanga la Marahaba

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi, na labda ndiyo sababu haukutoka. Uvumi mrefu mtu huuchoka, huukata hapa, huuongeza pale, mwisho ukageuka kichekesho cha barazani. Huu haukukubali kukatwa. Mkejina aliusikia nyuma ya mgongo wake, akiwa ameinama kupuliza moto, na alipogeuka amwone aliyesema hakukuwa na mtu, ila kanga yake iliyokuwa ikicheza kambani. "Hakufa yule. Kilichokufa ni joto lake." Basi, maneno hayo na si zaidi. Aliyatemea mate, yakabaki. Aliyaimbia, yakaingia ndani ya wimbo. Alipokaa kukuna nazi, mbuzi ikawa inasema: hakufa, hakufa, hakufa. Na wewe unayesoma, kama una mtoto, usijifanye hujui uvumi wa namna hiyo unavyomkaa mtu.

Yule aliyesemwa ni Marahaba.

Mji wao ulisimama juu ya nguzo katikati ya bahari, mbali na pwani yoyote, na watu walikwisha acha kuulizana nani aliuweka pale. Siku hazikuja kwa foleni. Kesho iliweza kukukuta sokoni, ukamalizana nayo, halafu leo ikafika inahema na hakuna wa kuipokea. Hata umri ulikuwa habari ya mlango. Raya, mtoto pekee wa Mkejina, akiingia kwa mlango wa jikoni alikuwa kitoto cha kung'oka meno kinachodai ukoko. Akiingia kwa mlango wa mbele alikuwa mwanamke mzima, ana wanja na ana majibu. Mkejina aliwapenda wote wawili na aliwaogopea wote wawili, na mlango wa mbele hakuupaka mafuta bawaba zake, ili ulie, ajue yupi anakuja.

Basi Marahaba alitoka upande ule ambako bahari ni moto kama chai. Alikuja akizunguka, mzito, ana jicho moja katikati. Kila kilichosimama kiliinama: milingoti, mapaa, mabibi na mabwana. Na kwa kuwa katika mji ule anayeinama husema shikamoo, mji mzima ulisema shikamoo, ukaisema kwa mabati, kwa makuti, kwa meno yanayogongana. Naye akaitika kwa sauti iliyotoka chini ya sakafu za nyumba: marahaba. Likawa ndilo jina lake. Tangu hapo mzee akiamkiwa na mjukuu wake aliitika kwa niaba ya yule, huku akitazama baharini kidogo kama anayeomba ruhusa. Marahaba alikaa juu yao miaka, au wiki. Ukimwuliza aliyepoteza bati atakwambia wiki, ukimwuliza aliyepoteza mtu atakwambia miaka. Na lile jicho lilipopita juu ya mji palikuwa na utulivu wa ajabu, jua likatoka, watu wakaanika nguo, wakaozesha, wakapatana, na wengine, Mungu awasamehe, wakamshukuru.

Halafu kipaza sauti cha Jumba la Majina kikakohoa juu ya mapaa.

"Tunawatangazia. Aliyekuwa anaitwa hivyo mnavyomwita amefika kwenye maji baridi, mbali, kwenye bahari wazi. Jicho limefumba. Joto la moyo limetoka. Kwa kanuni zetu amevuliwa jina. Kilichobaki ni upepo tu. Asitamkwe tena."

Watu wakasikia amekufa, wakatandika mikeka, wakaanza tanga.

Hapa inabidi nieleze desturi yao, maana kosa lote limelala humo. Aliyefia mjini, tanga lake huanuliwa mjini: mnakunja mikeka, mnatawanya majivu, kila mtu kwake. Lakini aliyefia baharini mkeka wake hukunjwa palepale alipofia. Vijana ambao hawajaoa wala kuolewa hupakiwa kwenye tishari, lile bapa la mbao lisilo na injini wala kasia, kamba hukatwa kwa shoka, na mkondo huwapeleka mpaka mahali penyewe, wakaukunja mkeka juu ya maji, kisha mkondo huwarudisha. Ulikuwa ukiwarudisha. Na kabla ya shoka kushuka, jina la marehemu lisitamkwe. Likitamkwa, tanga limeharibika, linaanza upya, na aliyelitamka atalibeba jina hilo yeye, kwa sababu jina haliwezi kuachwa hewani bila mtu. Sasa fikiria marehemu jina lake ndilo jibu la salamu. Mtoto anainama, anasema shikamoo, na mtu mzima anafunga kinywa. Shikamoo zisizoitikiwa zilianza kulundikana mjini. Zilining'inia kwenye vizingiti, zikajikusanya pembeni mwa ngazi kama mchanga, na mtu akitaka kupita alizisukuma kwa mkono.

Mlango wa mbele ukalia.

"Mama, nimechaguliwa," alisema Raya.

"Umechaguliwa nini?"

"Kwenda kukunja mkeka. Tena mimi ndiye wa mbele, nashika pindo."

"Nani kakuchagua?"

"Watu."

"Watu gani? Watu wana majina."

"Haya, umeanza."

"Sijaanza. Sikuwahi kuacha. Njoo huku uone mafuta."

Raya akaja, ingawa kwa shingo upande. Dirishani palikuwa na chupa ya mafuta ya nazi, yale ambayo Mkejina alimpaka kichwani tangu kichwa chenyewe kikiwa laini. Jua lilikuwa linawaka kwenye kioo. Mafuta yalikuwa meupe, yameganda mpaka shingoni mwa chupa.

"Yameganda," Raya alisema. "Ehe?"

"Yameganda juani. Baridi hiyo imetoka wapi?"

"Imetoka kwa maiti. Maiti si huwa baridi?"

"Maiti baridi yake hukaa naye. Hii inatembea, Raya. Jana ilikuwa mlangoni, leo iko dirishani."

"Mama, wewe hata umande unaushuku. Wenye kujua wamesema ni upepo tu."

"Hiyo 'tu' ndiyo inayoniwasha. Mtu akikwambia ni homa tu, ni deni tu, ni mume wa jirani kapita tu kusalimia, wewe lala na viatu."

Raya akacheka, akachukua chupa, akaigonga kitakoni mpaka tonge la mafuta likatoka, akalisugua viganjani. Lilichukua muda kuyeyuka. Mkejina aliona lilivyochukua muda, na aliona Raya naye akiona, na aliona jinsi binti yule alivyoamua kutoona. Hilo la mwisho ndilo lililomtisha kuliko baridi.

Mkejina akaenda tangani kusikiliza watu wanasemaje. Wafiwa wakuu walikuwa wale waliochukuliwa mapaa, ndio walioonekana kuwa na undugu wa karibu na marehemu. Mbele kabisa, juu ya godoro, alikaa jirani yake Bi Mgeni, ambaye yeye alichukuliwa ghorofa nzima ya juu na vitanda vyake.

"Pole, Bi Mgeni."

"Nimeshapoa, mwanangu. Kaa ule."

"Lakini unamlilia nini? Si alikubebea ghorofa?"

"Ndiyo nalia. Sasa nani ataniambia ghorofa yangu iko wapi? Aliyekuwa anajua kafa." Akapenga kamasi kwa pindo la kanga. "Na wewe hiyo sura vipi? Alipokuwa hai unaogopa, kafa unaogopa. Utaogopa mpaka lini?"

"Mpaka nimwone maiti."

"Yaani wewe! Upepo una maiti?"

"Basi mmejuaje kafa?"

Wanawake wa karibu wakaacha kutafuna. Mafuta ya pilau yalikuwa yameganda meupe ukingoni mwa sinia, na Mkejina akatambua kwamba kila mkono ulikuwa unayazunguka, unachota katikati, kwa ustadi, kama watu waliokubaliana. Bi Mgeni akamsogezea finyango.

"Kula, Mkejina. Midomo inayotafuna haiulizi."

Mtoto akapita kati ya mikeka, akainama mbele ya kila mmoja, shikamoo, shikamoo, shikamoo, na wazee wote wakatazama sinia.

Sasa ngojeni kidogo. Kuna swali lilimjia Mkejina njiani kuelekea Jumba la Majina, na yeye hakuwa mtu wa maswali marefu. Shule aliiacha alipohitimu ya msingi na alichobaki nacho ni mwandiko mzuri na tabia ya kusoma kila ubao. Swali lenyewe hili: kitu ukikivua jina, unakuwa umekipunguza nini? Mtu ukimvua koti anapungua koti. Ukimvua cheo anapungua mshahara na watu wa kumfungulia mlango. Lakini jina? Jina alivalishwa na sisi, limekaa vinywani mwetu, hajawahi hata kuligusa. Tukimvua, tumepungua sisi. Yeye huko aliko hajui kama ana jina au hana, anaendelea kuwa anavyokuwa, na sisi huku ndio tunaobaki na kitu kinachokuja ambacho hatuna la kukiita, na usichoweza kukiita huwezi kumwambia mwenzio akikwepe. Utasema nini? Jihadhari na... na nini? Utanyoosha kidole, na kidole kitaonyesha bahari, na bahari watu wameizoea. Hapo Mkejina akasimama katikati ya daraja la mbao, akahisi kwamba labda hii si bahati mbaya. Labda kuna mtu anafaidika na kidole kisicho na neno. Halafu akajisuta: nani huyo? Na jibu halikuja, na kutokuja kwake kukamtia shaka zaidi.

Bwana Mbaruku, aliyekuwa mkuu wa jumba lile, alimpokea vizuri. Palipotakiwa salamu walipita kimya wote wawili, wakikohoa.

"Nimekuja kuuliza, bwana. Yule mmemwona amekufa?"

"Kufa mmesema nyinyi huko mitaani, mama. Sisi tumesema amevuliwa jina."

"Tofauti yake nini?"

"Tofauti ni ofisi. Mwenye jicho ni wetu. Asiye na jicho si wetu."

"Ni wa nani?"

"Wa ofisi ya wasio na jicho."

"Iko wapi nikaulize?"

"Haijafunguliwa."

Alikuwa na sura ya upole na hakuna neno lake lililokuwa la uongo. Hilo Mkejina alilisikia vizuri, na ndilo lililomnyima pa kushika. Akamtazama mavazi.

"Mbona masweta mawili, bwana?"

"Mafua."

"Na dirisha lile mbona umelipigilia misumari?"

"Linalia."

"Akishavuliwa jina anakuwa mdogo?"

"Katikati yake hulegea, hilo ni hakika. Kuhusu upana..." Bwana Mbaruku akatazama dari kama mtu anayetafuta buibui. "Upana hatuupimi. Una mtoto kwenye tishari?"

"Ninaye. Mmoja."

"Mimi wangu hatakwenda. Anaumwa tumbo."

"Pole. Limemwanza lini?"

"Litamwanza kesho," alisema, na hakuinua macho.

Mkejina aliporudi nyumbani alimkuta mgeni ameketi jikoni. Hakubisha, au alibisha siku nyingine ambayo haijafika. Alikuwa mpana. Unene hakuwa nao, ni upana. Mabega yake yalianza penye jiko, na Mkejina hakuona yalipoishia, na pindo la koti lake la sufi lilitoka mlangoni, likapinda kona, likaingia nyumba ya Bi Mgeni na za mbele yake. Upande mmoja wa koti ulikuwa unachuruzika maji, upande wa pili ulikuwa mkavu kabisa. Usoni, mahali pa jicho, palikuwa na ngozi laini kama kiazi kilichomenywa. Mkejina akajua. Akashika mchi wa kinu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu, akabaki nao mkononi kama mtu aliyeshika ufagio mbele ya mafuriko.

"Kaa, mama. Usihangaike na salamu."

"Wewe ndiye nani?"

"Upepo."

"Malizia. Wanavyosema wenzako."

"Siwezi. Hilo neno la mwisho wanaliongeza wao."

Kisha akasema, si kwa mfululizo, ila kwa vipande, kila kipande kikitoka sehemu nyingine ya koti.

"Zamani nilikunywa joto. Bahari iliponipenda nilinenepa. Nilihitaji kupendwa, mama. Hata kwa kulazimisha. Inachosha sana, kupendwa.

"Halafu nikafika kwenye maji yasiyonitaka. Nikalegea. Mikono ikaning'inia. Jicho likajaa mawingu. Nikasema, ndiyo haya, nakufa. Nikawasikia mnatandika mikeka.

"Lakini huko. Huko baridi imekaa upande huu, joto upande ule. Hawasalimiani. Nikajilaza katikati yao nife. Wakaanza kusukumana juu yangu. Na pale wanaposukumana, mama, pana chakula. Chakula cha bure. Hakiishi.

"Sihitaji tena mnipende. Nahitaji msielewane.

"Zamani aliyefika katikati yangu alipumua. Alianika nguo. Sasa sina katikati. Nimeitoa.

"Nimekuwa mwepesi wa miguu pia. Hilo halikutangazwa?"

Mkejina akasikia mlango wa jikoni unasukumwa, akajua ni Raya mdogo anafuata ukoko. Akauzuia kwa mgongo. Mtoto akasukuma, akalalamika, mama fungua, mama nina njaa.

"Watoto wetu watakukuta wapi?" aliuliza Mkejina kwa sauti ya chini.

"Swali hilo ni la zamani, nilipokuwa na mahali. Siku hizi mtu hanikuti. Yuko ndani yangu tangu mapema, anadhani ni hali ya hewa."

"Warudishe."

"Sirudishi wala sichukui. Ukiwa na jicho unachagua. Mimi sichagui tena." Akainama, na chupa ya mafuta ikapasuka dirishani. "Ila nawe nakuona huna raha. Si useme? Waite watu, uwaambie ni nani anakuja."

"Nikuite nani?"

Hapo mgeni akatabasamu, na kwa mara ya kwanza Mkejina akashuku kwamba alikuja kwa ajili ya hilo tu, kumfanya alitamke. Alifumba macho, akafikiri: hili jina analitaka. Amelikosa huko baridini. Mimi ndiye mdomo aliokuja kuutafuta. Alipofungua tena macho jikoni palikuwa na maji upande mmoja wa sakafu, na mtoto nje ya mlango amekwisha nyamaza.

Ikawa asubuhi ya kuanua. Tishari lilifungwa kwenye nguzo ya mwisho ya mji, na mwenye shoka alisimama kando ya kamba, anajipulizia vidole. Jua lilikuwepo, lakini lilikuwa jua la kutazama, si la kuota. Wazazi walipanga mstari. Kijana alimjia mzazi wake, akainama, akasema shikamoo, na mzazi akamwekea mkono kichwani bila neno, kijana akapanda. Hivyo hivyo, mmoja mmoja, kimya kikitoka mkononi na kuingia kichwani. Mkejina alikwisha jaribu kila kitu kingine. Alikwisha ficha viatu. Raya alikuja peku. Alikwisha sema ameota vibaya; Raya alimwuliza lini aliwahi kuota vizuri. Alikwisha waambia watu waziwazi kwamba tishari lisiende, wakamwuliza kwa sababu gani, akafungua kinywa, akanyoosha kidole, wakatazama bahari, wakasema, ehe, bahari, tumeiona.

Na aliwaza pia upande wa pili, nisimfanye shujaa. Aliwaza: nikilitamka, ninampa anachokitaka yule mpana. Nitamrudishia jina, nalo litakaa juu yangu, nami nitakuwa mlango wake wa kuingilia mjini. Nikinyamaza, mji utakuwa salama na desturi yake, na Raya atakwenda. Huenda atarudi. Wengine wamerudi. Huenda kweli ni upepo mtupu, na mimi ni mwanamke ninayeshuku chupa ya mafuta. Alikuwa amekata shauri kunyamaza. Aliuma ulimi mpaka akaonja chumvi.

Raya akamjia. Pale nje hapakuwa na mlango wowote, wa mbele wala wa jikoni, kwa hiyo alikuja na umri wake wote kwa pamoja: pengo la meno, wanja, magoti yenye makovu, pindo la mkeka mkononi. Akainama.

"Shikamoo, mama."

Mkejina akainua mkono auweke kichwani. Kichwa kilikuwa baridi. Nywele zilikuwa na chembe nyeupe za mafuta yaliyokataa kuyeyuka.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Marahaba, marahaba."

Shoka lilibaki juu. Shikamoo zote zilizokuwa zimelundikana mjini zikasikika zikianguka, kwenye ngazi, kwenye vizingiti, kama mahindi yanayopukuchuliwa, kwa maana zimepata jibu.

"Kaharibu!" alipiga kelele Bi Mgeni. "Mkejina kaharibu tanga! Kalitamka, tena mara nne, jamani, hakutosheka na moja!"

"Rudisheni mikeka," alisema mwenye shoka kwa uchovu. "Shukeni. Shukeni wote."

Vijana wakashuka, wengine kwa hasira, wengine haraka kidogo kuliko hasira inavyotaka. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe kwa sikio, na alipompita Mkejina akamtemea mate miguuni ili watu waone. Na mkono wake mwingine, chini ya kanga, ukamshika Mkejina kiganja, ukakibana, ukaachia.

Raya alibaki amesimama na pindo.

"Umefanya nini?"

"Nimeitikia salamu yako."

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Utavaa nyingine. Uko hapa, utavaa."

"Usiniguse," alisema Raya, akaenda nyumbani, akaingia chumbani, akakaza komeo.

Upepo ulikuja kabla mikeka haijatandikwa. Haukuja na kishindo. Ulikaa, kama mtu anayekalia kitanda chako. Ulitoka kila upande kwa pamoja, baridi, na watu walingoja lile jicho lipite wapumue, na jicho halikupita kwa kuwa halikuwepo. Tishari tupu lilikata kamba lenyewe likaenda, na mkondo haukulirudisha. Hilo lingetosha kumsafisha Mkejina, utasema. Wapi. Watu walisema: ulikuwa upepo mtupu, wewe ukauita kwa jina, nao ukasikia, ukaja. Walisema: tishari lingefika, mkeka ungekunjwa, yangekwisha. Nani angewajibu? Hakuna aliyekwenda akarudi na habari. Wakaanza kumwita Marahaba, yeye. Watoto walimwamkia wakikimbia. Alipopita, madirisha yalifungwa kwa mfuatano, na yeye aliona, au alidhani aliona, mabati yakiinama kidogo upande wake. Na jambo ambalo hakumwambia mtu: tonge la mafuta ya nazi, akilifumbata mkononi kutwa nzima, jioni alilifumbua likiwa zima. Alianza kujinusa. Alianza kupima mabega yake kwenye mlango.

Ndipo akakaa chini, nje ya chumba cha Raya, mgongo kwenye ubao. Kwa ndani aliisikia pumzi, na pumzi ilimtosha kujua yupo. Akasema taratibu, ili yasikike katikati ya upepo, mambo ya kuepuka:

Usisimame karibu na vioo.

Usilale upande wa ukuta wenye unyevu.

Usile kilichopoa mpaka ukipashe mwenyewe.

Usipande chombo ambacho waliokituma hawakipandi.

Usikae kati ya wawili wasiosemezana, hata wakikuita ukawapatanishe.

Usinyamaze kwa sababu wengine wamenyamaza.

Usimwazime mtu blanketi lako.

Usihesabu utulivu kuwa mwisho.

Usitoke kunitafuta nisipokuwepo.

Usinifungulie mimi, hata nikilia.